Meno, Splaini na Namba: Kuzitambua Giaboksi za Magari ya Zamani

Giaboksi ya gari la zamani hutambulika kwa umbo la kasha lake, kwa namba zilizosubiwa au kugongwa juu yake, na kwa idadi ya meno ya gia zilizomo ndani. Maneno ya muuzaji hayamo katika orodha hiyo. Giaboksi iliyotoka kiwandani katika miaka ya 1960 imekwisha kupita mikononi mwa mafundi wengi: kava la nyuma limetoka kwenye giaboksi nyingine, shafti ya mbele ilibadilishwa ilipokatika, na pengine kasha lenyewe lilinunuliwa tupu likajazwa gia za miaka tofauti. Kinachoonekana nje kinaweza kuwa cha 1964 na kilichomo ndani kikawa cha 1972. Kwa hiyo anayetaka kununua giaboksi ya namna hii, au kipuri chake kimoja tu, hana budi kujua kuisoma sehemu kwa sehemu.

Ugumu unatokana na viwanda vyenyewe. Vingi vilibadilisha vipuri mwaka hadi mwaka bila kubadilisha jina la giaboksi. Mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana kwa unene wa pini moja, na pini hiyo ikaizuia kazi nzima. Wakati huohuo giaboksi zenye majina tofauti huweza kuchangia gia nyingi bila shida yoyote. Mfano unaoonyesha mambo yote hayo kwa uwazi ni familia ya giaboksi za Marekani zinazoitwa Muncie. Land Rover, gari ambalo Afrika Mashariki inalijua zaidi, linafuata kanuni zilezile na litaelezwa baada yake.

Mpangilio wa ndani

Giaboksi ya gia nne ina shafti tatu za msingi. Ya kwanza ni shafti ya mbele, inayopokea nguvu kutoka kwenye klachi. Mwisho wake wa nyuma una gia moja iliyochongwa pamoja nayo, ambayo hapa itaitwa pinioni. Ya pili ni leishafti, iliyolala chini ndani ya mafuta. Hiki ni kipande kimoja cha chuma chenye gia kadhaa zilizoungana, na zote huzunguka pamoja. Ya tatu ni shafti kuu, iliyo kwenye mstari mmoja na pinioni, nayo ndiyo inayopeleka nguvu kwenye propela.

Gia za mbele zilizo kwenye shafti kuu huwa zimeumana na gia za leishafti muda wote. Hazilazimiki kuizungusha shafti, kwa sababu kila moja inazunguka kivyake juu yake. Dereva anapovuta mkono wa gia, sinkronaiza inasogea, inaisuguasugua gia iliyochaguliwa kwa pete ya shaba hadi mwendo wake ulingane na wa shafti, kisha inaifunga. Kuanzia hapo gia na shafti huzunguka kama kitu kimoja.

Nguvu basi inapita hatua mbili: kutoka pinioni kwenda leishafti, kisha kutoka leishafti kwenda gia iliyofungwa. Uwiano wa gia hupatikana kwa kuzidisha hatua hizo mbili. Chukua giaboksi yenye pinioni ya meno 21 inayoumana na gia ya leishafti yenye meno 25. Hatua ya kwanza ni 25 kugawanya kwa 21, yaani 1.19. Kama gia namba moja ina meno 36 na inaendeshwa na gia ya leishafti yenye meno 17, hatua ya pili ni 36 kugawanya kwa 17, yaani 2.12. Zidisha, utapata 2.52. Injini itazunguka mara mbili na nusu na ushei ili propela izunguke mara moja. Kwenye gia namba nne leishafti haibebi mzigo. Pinioni hufungwa moja kwa moja na shafti kuu, na uwiano huwa 1.

Hesabu hii ya shule ya msingi ndiyo silaha kubwa ya mtambuzi. Namba ya kasha inaweza kudanganya kwa sababu kasha hubadilishwa, na hata stika au rangi inaweza kudanganya. Idadi ya meno haidanganyi.

Kuna kanuni nyingine mbili zinazotawala ubadilishanaji wa gia. Umbali kati ya shafti kuu na leishafti umeamuliwa na matundu ya kasha na hauwezi kusogezwa, hivyo gia mbili zinazoumana lazima ziujaze umbali huo kamili. Zikizidi hazitaingia, na zikipungua zitagusana kwenye ncha za meno tu na kukatika baada ya muda mfupi. Kanuni ya pili ni kwamba meno ya gia za mbele hukatwa kwa mshazari ili yaumane taratibu na kwa utulivu, na gia mbili zenye mshazari tofauti haziwezi kufanya kazi pamoja hata kama zina idadi sahihi ya meno.

Familia ya Muncie

Giaboksi za Muncie zilitengenezwa na General Motors katika mji wa Muncie, jimbo la Indiana, kwa magari ya modeli za mwaka 1963 hadi 1974. Zilichukua nafasi ya giaboksi ya BorgWarner T-10, iliyokuwa imeanza kutumika kwenye Chevrolet Corvette mwaka 1957. Ziliwekwa kwenye Corvette, Camaro, Chevelle, Pontiac GTO, Oldsmobile 442 na magari mengine ya General Motors yenye injini kubwa. Kwa kuwa magari hayo sasa yanauzwa kwa bei kubwa, giaboksi zake nazo zimepanda bei, na tofauti ya herufi moja kwenye jina hubadilisha thamani yake sana.

Majina ni matatu. M20 ina uwiano mpana, yaani gia namba moja ni nzito na inalivuta gari kwa urahisi kutoka kusimama. M21 ina uwiano uliokaribiana, kwa hiyo mzunguko wa injini haushuki sana dereva anapopandisha gia, jambo linalopendwa kwenye mashindano. M22 ina uwiano uleule wa M21, lakini meno yake yamekatwa kwa mshazari mdogo zaidi. Mshazari mdogo hupunguza nguvu inayozisukuma shafti kuelekea mbele na nyuma, hivyo giaboksi huhimili injini kali zaidi. Gharama yake ni kelele. M22 huvuma kwa sauti inayosikika ndani ya gari, na madereva wa Marekani waliipa jina la Rock Crusher, mvunja mawe.

Kwa uwiano, M20 ya 1963 hadi 1965 ina 2.56 kwenye gia namba moja, 1.91 kwenye namba mbili na 1.48 kwenye namba tatu. M20 ya 1966 na kuendelea ina 2.52, 1.88 na 1.46. M21 na M22 zina 2.20, 1.64 na takriban 1.28. Jina la M20 lilibaki lilelile 1966 ilhali gia za ndani zilibadilika, na hapo ndipo wanunuzi wengi hujikwaa.

Sababu ya tofauti hizo iko kwenye jozi moja tu ya gia. M20 ya zamani ina pinioni ya meno 24 na gia ya mbele ya leishafti yenye meno 29. M20 ya baadaye ina 21 na 25. M21 ina 26 na 27. Baada ya jozi hiyo, hatua ya pili ni ileile kwa zote tatu: meno 36 dhidi ya 17 kwa gia namba moja, 30 dhidi ya 19 kwa namba mbili, 27 dhidi ya 22 kwa namba tatu. Ukigawanya 27 kwa 26 na kuzidisha kwa 36 juu ya 17, unapata 2.20 ya M21. Ukianza na 29 juu ya 24 unapata 2.56 ya M20 ya zamani. Hesabu inafunga bila kubakiza kitu.

Matokeo yake kwa fundi ni makubwa. M20 ya 1966 au baadaye inaweza kugeuzwa kuwa M21 kwa kubadilisha vitu viwili tu, pinioni na leishafti. Shafti kuu na gia zake zinabaki palepale. Lakini vitu hivyo viwili lazima vibadilishwe pamoja. Jumla ya meno ya jozi ya M21 ni 53, na ya jozi ya M20 ya zamani pia ni 53, kwa kuwa ukubwa wa meno yake unakaribiana. Fundi akichukua pinioni ya meno 26 na kuiweka juu ya leishafti ya meno 29, jumla ni 55 na gia hazitaingia kwenye nafasi. Akiweka pinioni ya 24 juu ya leishafti ya 27, jumla ni 51 na meno yatagusana juujuu. Jozi ya 21 na 25 ina jumla ya 46 katika umbali uleule, kwa sababu meno yake ni mapana zaidi, na pinioni yake haiwezi kuchanganywa na leishafti ya jozi nyingine kwa namna yoyote.

M22 ina mtego wa aina yake. Pinioni yake ina meno 26 kama ya M21, na anayehesabu bila kutazama mshazari anaweza kuamini kwamba zinabadilishana. Hazibadilishani. Zikiwekwa mezani pamoja, tofauti ya mshazari huonekana kwa jicho tupu, kwani meno ya M22 yamekaribia kunyooka sambamba na shafti. Anayetaka M22 anunue gia zake zote pamoja, kutoka seti moja.

Pini, beringi na splaini

Leishafti ya Muncie ina tundu katikati, nayo inazunguka juu ya pini iliyotulia, ikibebwa na beringi za sindano. Hadi 1965 pini hiyo ilikuwa na kipenyo cha inchi 7/8, yaani milimita 22.2. Kuanzia 1966 ilinenepeshwa hadi inchi 1 kamili, milimita 25.4. Leishafti ya M21 ya 1965 na ya 1967 zina meno sawa na zinaonekana sawa, lakini moja haitakaa kwenye kasha la nyingine kwa sababu ya pini hiyo. Karakana za mashine hutatua tatizo hili kwa kulitoboa kasha la zamani hadi inchi 1, na kazi hiyo ikifanywa kwa usahihi kasha hupokea leishafti yoyote ya baadaye. Ikifanywa kwa haraka, umbali kati ya shafti hubadilika na gia zote huanza kulia.

Kasha la Muncie ni la alumini, na namba yake imesubiwa ubavuni. Kasha la 1963 lina namba 3831704. La 1964 na 1965 ni 3851325. La 1966 na 1967 ni 3885010. Kuanzia 1968 ni 3925660, na la mwisho, lililoendelea hadi 1974, ni 3925661. Mafundi wa Marekani huzitaja kwa tarakimu tatu za mwisho tu. Mbili za kwanza, 704 na 325, ndizo za pini nyembamba. Nyingine zote ni za pini nene.

Kasha la 704 lina tofauti ya ziada. Beringi yake ya mbele ni ndogo, namba 6207, ilhali makasha yaliyofuata yanatumia 6307. Namba hizi zinafaa kueleweka na kila mwenye gari, la zamani au jipya. Kwenye beringi za kawaida za gololi, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu kwa milimita. Kwa hiyo 6207 na 6307 zote zina tundu la milimita 35. Tofauti iko nje: ya kwanza ina kipenyo cha milimita 72 na ya pili 80. Namba hizo ni za kimataifa. Beringi ya Muncie, ya Land Rover au ya pampu ya maji ikiwa na namba hiyohiyo ina vipimo vilevile, na inapatikana katika duka lolote la beringi bila kutaja jina la gari. Fedha nyingi huokolewa na mtu anayeifuta beringi yake, akasoma namba na kwenda dukani na namba badala ya kwenda na jina la gari. Herufi NR zikiambatana na namba hiyo, zinaonyesha kwamba beringi ina mfereji wa nje na pete ya kuizuia isitembee, na herufi hizo hazipaswi kupuuzwa.

Splaini ni vijino vilivyochongwa kwenye ncha za shafti ili klachi pleti na propela zishike. Shafti ya mbele ya Muncie ilikuwa na splaini 10 katika miaka ya mwanzo. Kufikia modeli za 1971 zote zilikuwa na splaini 26, ingawa unene wa shafti haukubadilika. Shafti kuu nayo ilitoka splaini 27 ikawa na 32, na ncha yake ikanenepa. Giaboksi ya 1972 inaweza kuwekwa kwenye gari la 1966 bila kukata wala kuchomelea kitu, ila itahitaji klachi pleti ya splaini 26 na kichwa cha propela cha splaini 32, ambacho ni kilekile kinachotumiwa na giaboksi ya otomatiki Turbo Hydra-Matic 400. Kava la nyuma lazima liendane na shafti kuu, kwa kuwa sili na bushi zake zina kipenyo tofauti.

Kwenye shafti ya mbele kuna alama nyingine ambayo huonekana hata giaboksi ikiwa haijafunguliwa. Kuanzia 1966, M20 ina mifereji miwili myembamba iliyozunguka shafti, M21 ina mmoja, na M22 haina hata mmoja. Wauzaji hupenda sana alama hii, na inafaa kutazamwa kwa tahadhari: shafti za 1963 hadi 1965 nazo hazina mifereji. Shafti tupu inaweza kuwa ya M22 yenye thamani kubwa au ya M20 ya zamani. Kasha la 704 au 325 likiwa na shafti tupu, jibu la haraka ni kwamba hiyo si M22, hadi meno yathibitishe vinginevyo.

Namba iliyogongwa hueleza siku ya kuundwa. Mfano wa namna hiyo ni P9R14B. P ni kiwanda cha Muncie. Tarakimu 9 ni mwaka wa modeli 1969. R ni mwezi, na 14 ni siku. Miezi imeandikwa kwa herufi A, B, C, D, E, H, K, M, P, R, S na T kuanzia Januari hadi Desemba, kwa hiyo R ni Oktoba. Mwaka wa modeli wa Marekani huanza katikati ya mwaka unaotangulia, na Oktoba ya modeli ya 1969 ni Oktoba 1968 ya kalenda. Herufi ya mwisho ni A kwa M20, B kwa M21 na C kwa M22. Namba za miaka ya mwanzo hazikuwa na tarakimu ya mwaka, ndiyo maana hulazimika kusomwa pamoja na namba ya kasha.

Ndugu wanaofanana

Giaboksi kadhaa za Marekani hufanana na Muncie kwa mbali, na huuzwa kwa jina lake. Njia ya haraka ya kuzitenganisha ni kuhesabu bolti za kava na kutazama mkono wa rivasi uko wapi. Muncie ina kava la ubavuni lenye bolti 7, na mkono wa rivasi unatoka kwenye kava la nyuma. Saginaw, iliyowekwa kwenye magari ya injini ndogo, nayo ina bolti 7, lakini kasha lake ni la chuma cha kusubu na mikono yote mitatu inatoka kwenye kava la ubavuni. BorgWarner T-10 ina bolti 9. Toploader ya Ford, iliyoanza 1964, haina kava la ubavuni kabisa: kava lake liko juu, lina bolti 10, na kasha lake ni la chuma. Sumaku ndogo mfukoni inatosha kumaliza ubishi kati ya alumini na chuma.

Mikono ya gia ya Muncie yenyewe hutenganisha vipindi viwili. Hadi 1968 shafti ndogo za kava zilitokeza skrubu nje, na mkono ukafungwa kwa nati. Kuanzia 1969 skrubu iko ndani ya shafti na mkono unafungwa kwa bolti. Mikono ya kipindi kimoja haiingii kwenye kava la kingine.

Giaboksi isiyoweza kufunguliwa kwa sababu muuzaji hakubali bado inaweza kupimwa. Iweke kwenye gia namba moja, chora mstari wa chaki kwenye shafti ya mbele na wa nyuma, kisha zungusha ya mbele mara 10 kamili na uhesabu ya nyuma. M20 ya 1966 na baadaye itazunguka karibu mara 4 kamili. M21 na M22 zitazunguka mara 4 na nusu na ushei. Toploader yenye uwiano mpana wa 2.78 itazunguka mara 3.6. Kazi hii inachukua dakika chache na inafaa kwa giaboksi ya gari lolote.

Land Rover na herufi zake

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Series II ilifuata 1958, IIA 1961, na Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Polisi, maofisa wa serikali, wamisionari na askari wa wanyamapori wa Kenya na Tanzania waliendesha magari haya kwa miongo mingi, na kiwanda cha Leyland mjini Thika kiliyaunganisha nchini Kenya. Mengi bado yanatembea, na tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 liliyaonyesha hadharani.

Kiwanda cha Land Rover kilitumia herufi iliyofuata namba, kama A, B, C au D, kuonyesha kwamba kitu fulani ndani kimebadilishwa kiasi cha kumhusu fundi. Mwenye gari anayeagiza kipuri kwa kusema Series IIA tu, bila herufi ya giaboksi, anabahatisha. Herufi ya giaboksi haihitaji kulingana na ya fremu, kwa sababu giaboksi nyingi zimehama kutoka gari moja hadi jingine.

Tofauti kubwa kuliko zote ni ya sinkronaiza. Series I, II na IIA zina sinkronaiza kwenye gia namba tatu na nne tu. Dereva wake hujifunza kukanyaga klachi mara mbili anaposhuka kwenda namba mbili au moja. Series III ina sinkronaiza kwenye gia zote nne za mbele. Uwiano nao ulibadilika njiani: IIA za mwanzo zina gia namba moja ya 3.00, na za baadaye 3.60, ilhali Series III ina 3.68. Kwa kipimo cha chaki kwenye shafti kuu yenyewe, mizunguko 10 ya mbele hutoa 3.33 kwa ya kwanza, 2.78 kwa ya pili na 2.72 kwa ya tatu.

Nyuma ya giaboksi kuu kuna giaboksi ndogo ya kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma, inayoendeshwa na mikono miwili, mmoja wa kichwa cha njano na mwingine wa kichwa chekundu. Uwiano wake wa kasi ya kawaida ni 1.148. Uwiano wa kasi ya chini ulikuwa 2.89 zamani, kisha ukapunguzwa hadi 2.35 baada ya gia namba moja kuongezewa nguvu. Jumla haikubadilika sana: 3.00 mara 2.89 ni 8.67, na 3.60 mara 2.35 ni 8.46. Fundi akichanganya sehemu za vipindi hivi viwili, gari litafika 10.4 na kutambaa polepole mno kwenye kasi ya chini, au litashuka hadi 7.05 na kuchoka kwenye mlima ambao zamani lilikuwa likiupanda.

Giaboksi nzima ya Series III hukaa kwenye Series IIA, na wengi wamefanya hivyo ili kupata sinkronaiza kamili. Kinachohitaji kazi ni klachi: mfumo wa kuiachia ulibadilika, silinda yake ndogo ikahamishwa na kufungwa moja kwa moja kwenye kasha la klachi, kwa hiyo bomba la mafuta ya klachi lazima lipangwe upya. Gia mojamoja za Series III hazipaswi kuchukuliwa kuwa zitaingia kwenye kasha la IIA. Kuhamisha giaboksi nzima ni busara zaidi kuliko kuichanganya ndani.

Kipuri sahihi kilichochakaa

Kipuri kikishatambulika kuwa ndicho, kinabaki kuchunguzwa uzima wake. Vijino vidogo vya ubavuni mwa gia, ambavyo sinkronaiza hushika, vikiwa vimeviringika ncha, gia hiyo itaruka yenyewe barabarani. Pete ya shaba ibanwe kwa mkono dhidi ya gia yake: lazima ibaki nafasi inayoonekana kati ya meno ya pete na ya gia. Pete iliyokaa hadi chini imekwisha. Pini ya leishafti yenye mikwaruzo au madoa ya kuchubuka hutupwa pamoja na beringi zake za sindano. Kwenye makasha ya alumini, tundu la pini hiyo hulegea kwa miaka na kuvuja mafuta kwa mbele, na hakuna gasketi itakayoziba hilo. Masikio ya kasha, mahali bolti zinapopita, huchunguzwa kwa nyufa baada ya kusafishwa, kamwe si kabla.

Mafuta yana neno lake pia. Mafuta ya daraja la GL-5 yametengenezwa kwa ajili ya difu, na dawa zake za salfa zinaweza kuila shaba ya pete za sinkronaiza. Kwa giaboksi hizi za zamani, daraja la GL-4 ndilo salama.

Mnunuzi aende sokoni na kalamu, chaki, sumaku na kipimo cha kipenyo. Aandike namba ya kasha, ahesabu splaini za mbele na nyuma, azungushe shafti mara 10, na aombe kava lifunguliwe ili ahesabu meno. Muuzaji anayekataa kufungua bolti 7 za kava hastahili kulipwa bei ya M22.